Uzi: Mteremko unavunjikia kwenye ufa, si kwenye jiwe. Vipimo na hesabu kwa wanaokata vilima Uganda

DiraNaKamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa mafundi, wapima udongo na wasimamizi wa barabara wanaokata vilima, kuanzia Elgon hadi Kigezi. Kuna swali linalorudi kila msimu wa mvua: jiwe limepelekwa maabara, limebanwa, limevumilia megapaskali 50, mbona mkato umeshuka?

Jiwe halikuvunjika. Kilichoachia ni ufa uliokuwepo kabla katapila halijafika. Megapaskali 50 ni uzito wa nguzo ya mwamba yenye kimo cha karibu kilomita 2. Mkato wa mita 8 unaweka kitakoni pake kilopaskali 208 hivi, yaani sehemu ndogo mno ya uwezo wa jiwe. Kwa hiyo namba ya jiwe zima karibu haina kazi kwenye mikato yetu. Namba inayotakiwa ni ya ufa.

Upinzani wa ufa unaandikwa hivi:

upinzani = mshikamano + (mbano − shinikizo la maji) × tan ya pembe ya msuguano

Mbano ni uzito unaoukandamiza ufa kwa pembe mraba. Mshikamano ni kile kinachobaki hata usipoukandamiza. Pembe ya msuguano ni mwinamo ambao ufa mkavu usio na mshikamano huanza kuteleza. Sehemu ya msuguano na mshikamano inatoka kwa Coulomb, karne ya 18. Kipande cha maji kilikuja na Terzaghi miaka ya 1920, na kwa nchi yenye mvua kama yetu hicho ndicho kipande cha kuangalia kwanza. Maji yaliyo ndani ya ufa yanainua mwamba wa juu kidogokidogo, mbano unapungua, na msuguano unapungua nao. Watu husema maji "yanalainisha" ufa. Kwenye ufa safi hayalainishi, yanainua.

Sasa kazi ya uwandani. Beba dira yenye kipima mwinamo, kamba ya kupimia ya mita 30, nyundo, kisu, chupa ya maji na daftari. Tandaza kamba usawa wa kifua kwenye uso wa mwamba. Kila ufa unaoikata kamba uandike: umbali wake kwenye kamba, mwinamo, uelekeo wa mwinamo, urefu unaoonekana, uwazi kwa milimita, kilichojaa ndani, ukwaruzi wa nyuso zake, na kama unatoa maji. Ukimaliza, shusha kamba ya pili wima. Nyufa zinazokwenda sambamba na kamba ya kwanza hazitaikata, hazitaingia daftarini, na huenda ndizo zitakazoshusha mkato.

Kilichojaa ndani ya ufa kipewe muda wake. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu, tia tone la maji, usokote juu ya kioo au kiganjani. Ukisokoteka hadi unene wa milimita 3 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Kama unene wa mfinyanzi huo unazidi urefu wa vinundu vya nyuso za ufa, sahau ukwaruzi wa mwamba: nyuso mbili hazigusani tena, na nguvu ya ufa wako ni nguvu ya mfinyanzi.

Baada ya hapo kuna masharti matatu ya bamba, yaani mwamba ulio juu ya ufa, kuteleza. Ufa uelekee upande mmoja na uso wa mkato, tofauti isizidi digrii 20. Mwinamo wake uwe mdogo kuliko wa uso wa mkato, ili mguu wake utokeze nje. Na mwinamo uzidi pembe ya msuguano. Nyufa mbili zinazokutana zikatoa kabari hupimwa vivyo hivyo, ila unatumia mstari zinapokutania badala ya ufa mmoja.

BarabaraKigezi

Asante kwa somo, mkuu. Naleta mfano tuuchambue pamoja. Uso wa mkato una mwinamo wa digrii 65 kuelekea 120 kwenye dira. Ufa mkuu una digrii 35 kuelekea 130. Kimo mita 8. Maabara wamekata kipande cha ufa chenye urefu wa sentimita 10 wakatoa pembe ya msuguano ya digrii 54. Kwa masharti yako matatu, la tatu halitimii kabisa, 35 ni ndogo kuliko 54. Je, hapa si salama?

DiraNaKamba

Ndugu, mfano wako ni mzuri kwa sababu unaonekana salama. Twende taratibu.

Mwamba tuuhesabu kilonyutoni 26 kwa mita ya ujazo. Kwa kila mita moja ya urefu wa barabara, uzito wa bamba lililo juu ya ufa ni:

½ × 26 × 8² × (kotanjenti 35 − kotanjenti 65) = kilonyutoni 800

Nguvu inayolivuta kushuka ni 800 × sin 35 = 459. Inayolikandamiza ni 800 × kos 35 = 655. Urefu wa ufa ni 8 ÷ sin 35 = mita 13.95, hivyo mbano juu yake ni kilopaskali 47 tu.

Ukitumia digrii 54 za maabara, uwiano wa usalama (upinzani ukigawanywa kwa nguvu ya kuvuta) ni tan 54 ÷ tan 35 = 1.97. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Lakini hizo digrii 54 zimetoka wapi? Kwa kanuni ya Barton, pembe ya ufa ni pembe ya msingi ya mwamba uliokatwa bapa, usio na vinundu, ongeza ukwaruzi mara logi ya (nguvu ya uso wa ufa ÷ mbano). Ukwaruzi hupimwa kwa namba kuanzia 0, ufa laini kabisa, hadi 20. Kipande cha sentimita 10 chenye ukwaruzi 8, uso usiooza wa megapaskali 50 na msingi wa digrii 30 kinatoa 30 + 8 × 3.03 = digrii 54. Hesabu ya maabara ni sahihi. Tatizo ni kwamba ufa wako si wa sentimita 10, ni wa mita 14. Vinundu vidogo vinavyofanya kazi kwenye kipande kifupi havifanyi kazi kwenye bamba refu, kwa sababu bamba linaegemea mawimbi makubwa machache. Kanuni ya ukubwa inashusha ukwaruzi kutoka 8 hadi karibu 4. Na uso wa ufa ulio karibu na jua na mvua umeoza: gonga kwa nyundo ya Schmidt (nyundo ya springi inayopima ugumu wa uso) juu ya ufa wenyewe, si juu ya jiwe lililopasuliwa jana, na usishangae kupata megapaskali 10. Pembe ya msingi nayo ishushe hadi 28. Sasa: 28 + 4 × 2.33 = digrii 37.

Uwiano wa usalama mkato ukiwa mkavu: tan 37 ÷ tan 35 = 1.08.

Sharti la tatu bado halijatimia, 35 ni ndogo kuliko 37, na mchoro wa stereoneti (duara la kuchorea mielekeo ya nyufa na mkato) utakuambia hakuna hatari. Mchoro huo haujui maji. Jaza ufa maji hadi nusu ya kimo, mita 4. Maji ni kilonyutoni 9.81 kwa mita ya ujazo, na shinikizo lake kwa jumla ni ¼ × 9.81 × 4² ÷ sin 35 = kilonyutoni 68. Mbano unashuka kutoka 655 hadi 587. Upinzani unakuwa 442 dhidi ya 459, uwiano 0.96. Bamba linaondoka. Ufa ukijaa hadi juu uwiano ni 0.63.

Kutoka 1.97 hadi 0.96, na jiwe lenyewe halijabadilika hata chembe.

BarabaraKigezi

Nimeelewa. Nyongeza kwa wenzangu wa Kabale na Kisoro: miamba ya huku mingi ni filaiti na sheli, tabaka juu ya tabaka, na nyuso zake zina maika inayong'aa kama magamba ya samaki. Hapo ukwaruzi ni mdogo sana tangu mwanzo, kwa hiyo hata bonasi ya maabara huipati. Barabara inayozunguka kilima ina upande mmoja ambako tabaka zinainamia barabarani na upande mwingine ambako zinainamia ndani ya kilima. Usitumie pembe moja ya mkato pande zote mbili. Upande wa kwanza unateleza. Wa pili hauna mtelezo, ila tabaka zikisimama karibu wima zinaanza kuinama na kuanguka kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi. Dalili yake ni ngazi ndogondogo zinazoangalia mlimani juu ya ukingo.

MaabaraMbale

Naomba niingie upande wa udongo, maana waliopoteza watu wengi ni sisi wa Elgon na huko si mwamba tu. Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, kijiji kilifunikwa pamoja na kituo cha afya. Bukalasi tena Oktoba 2018, safari hii matope na mawe yakifuata njia ya mto. Bulambuli Novemba 2024. Tukizungumzia namba, tukumbuke ni za nini.

Udongo wa kule ni mabaki ya miamba ya volkano iliyooza: mfinyanzi mwingi, mzito, juu ya tabaka lisilopitisha maji vizuri. Mvua inaingia kwa urahisi kupitia mashimo ya mizizi na nyufa za kiangazi, kisha inakwama chini. Chukua udongo wa kina cha mita 2 kwenye mteremko wa digrii 30, uzito kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, mshikamano kilopaskali 5, pembe ya msuguano 28. Mbano kwenye kitako cha udongo ni 18 × 2 × kos² 30 = kilopaskali 27. Msukumo wa kuteleza ni 15.6.

Ukiwa mkavu: upinzani 5 + 27 × 0.532 = 19.4. Uwiano 1.24.
Maji yakipanda mita 1 juu ya kitako: shinikizo 7.4, upinzani 15.4. Uwiano 0.99.
Maji yakifika juu: upinzani 11.5. Uwiano 0.74.

Nimeacha uzito wa udongo bila kuubadilisha ili muone kazi ya shinikizo peke yake. Mita moja ya maji chini ya shamba la migomba, na kilima kimefika mwisho. Ndiyo maana mvua ya siku ya maporomoko haielezi kila kitu. Mvua za wiki iliyotangulia zilishapandisha maji, ile ya mwisho inamalizia. Na ndiyo maana sehemu zilizobonyea kama kijiko ni mbaya kuliko migongo ya vilima, hata mwinamo ukiwa sawa: maji ya pande tatu yanakusanyikia hapo.

Mizizi ya miti inaongeza mshikamano. Weka kilopaskali 4 za ziada kwenye hesabu hiyohiyo: maji yakiwa nusu uwiano unarudi 1.25, yakifika juu ni 1.00. Lakini ongezeko hilo lipo pale tu mizizi inapovuka kitako cha udongo kinachoteleza. Migomba na maharage mizizi yake haifiki huko. Na mti ukikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Inaoza kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mteremko ulionusurika mvua mbili baada ya kukatwa miti haujathibitisha lolote.

UdongoMwekundu

Mwalimu, hizo kilopaskali 5 na digrii 28 tunazipataje kwa uhakika? Ripoti nyingi za majengo ya Kampala zinaonyesha mshikamano wa 20 na zaidi kwa udongo mwekundu.

MaabaraMbale

Hapo ndipo penye kosa kubwa, dada, na linatokea kwenye sanduku la kukatia udongo lenyewe, lile linalosukuma nusu moja ya sampuli juu ya nyingine mpaka ikatike. Nitaeleza hatua, kisha makosa.

Sampuli ichukuliwe bila kuvurugwa, kwa kukata tofali la udongo kwa mkono, kulifunga plastiki na nta, na kulisafirisha bila kulitikisa. Sanduku la kawaida ni milimita 60 kwa 60, unene milimita 20. Eneo lake ni mita za mraba 0.0036, hivyo kilopaskali 50 ni mzigo wa nyutoni 180, kama kilo 18. Loweka sampuli angalau saa 24 ukiwa umeibana kwa mzigo huo, soma kipimo cha kushuka mpaka kitulie, ndipo uanze kukata.

Kosa la kwanza ni mwendo. Mchanga unaweza kukatwa kwa milimita 1 kwa dakika. Mfinyanzi ukikatwa hivyo maji yake hayapati nafasi ya kutoka, shinikizo linajificha ndani, na unachosoma si cha udongo wala si cha maji. Tumia muda wa kushuka uliousoma wakati wa kubana: muda wa nusu ya mshuko mara 50 ndio uchache wa muda wa kufikia kuvunjika. Kwa mfinyanzi wa Elgon hiyo inaweza kuwa siku nzima kwa sampuli moja. Anayetoa sampuli tatu kabla ya chakula cha mchana hajapima mteremko.

Kosa la pili ni mizigo. Kwenye hesabu ya juu mbano ulikuwa kilopaskali 27, na maji yakipanda ni 12. Sasa mtu anapima kwa 100, 200 na 400, anachora mstari ulionyooka kupitia nukta tatu, anaurudisha hadi sifuri na kusoma mshikamano wa 20. Mstari halisi umepinda, unashuka kwa kasi karibu na sifuri. Zile 20 ni za rula, udongo hauna. Pima kwa 12, 25, 50 na 100.

Kosa la tatu ni la udongo mwekundu hasa. Usiukaushe kwenye tanuri la digrii 105 kabla ya kupima mipaka ya unyevu wala ukubwa wa chembe. Udongo wetu wenye oksidi za chuma ukikauka kabisa chembe zake hushikamana kuwa punje, na hazirudi zilivyokuwa hata ukiuloweka. Mfinyanzi unageuka kuwa kama mchanga kwenye karatasi, huku kilimani ukibaki mfinyanzi.

Na la nne: kama kilima kimewahi kusogea, hata miaka 50 iliyopita, nguvu ya kilele (ya juu kabisa, kabla ya kukatika) haipo tena kwenye uso ule. Chembe bapa za mfinyanzi zimelala upande mmoja, uso unang'aa kama sahani. Rudisha sanduku na ukate tena mara tano au sita juu ya uso uleule mpaka kipimo kisishuke. Digrii 25 za kilele zinaweza kubaki 12 kwa mfinyanzi wenye chembe laini nyingi, na mshikamano ukawa sifuri.

UdongoMwekundu

Hili la mshikamano wa uongo linagusa pia mitaro na viwanja vya nyumba, niwaeleze wanaosoma kimyakimya. Moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) wa Kampala ukikauka unasimama wima mita 4 au 5 kama ukuta, na fundi anasema "udongo huu ni mgumu, hauhitaji mbao za kuzuia". Ugumu huo ni wa unyevu mdogo unaovuta chembe zishikane. Kwa mshikamano wa 15 na pembe 28, kimo cha wima kinachoweza kusimama ni (4 × 15 ÷ 18) × tan 59 = mita 5.5. Mvua ikiingia au bomba la maji likivuja jirani, mvuto ule unapotea, mshikamano unashuka hadi 3, na kimo kinachosimama ni mita 1.1. Mtaro wa mita 3 wenye mtu ndani umeshafunga. Hakuna mlio wala onyo. Kwa hiyo mtaro wowote unaozidi kimo cha kifua uwekewe mbao na mihimili, au ulazwe pembeni, na udongo uliochimbwa urundikwe mbali na ukingo, angalau mita 1. Rundo lililo kwenye ukingo ni mzigo juu ya kile unachotaka kisishuke.

MwambaTororo

Swali kwa DiraNaKamba. Wahandisi vijana wanapenda kutumia kanuni ya Hoek na Brown kwa kila kitu: unaingiza alama ya hali ya mwamba, programu inatoa mshikamano na pembe, kazi imekwisha. Wapi inafaa, wapi haifai?

DiraNaKamba

Inafaa mwamba usipokuwa na nyufa kabisa, au ukiwa na nyingi kiasi kwamba vipande ni vidogo sana ukilinganisha na mkato, bila upande wenye udhaifu zaidi. Mwamba uliosagwa karibu na mpasuko mkuu wa bonde la ufa la magharibi, kwa mfano. Mkato wa mita 20 wenye vipande vya sentimita 20 unaweza kuchukuliwa kama kitu kimoja. Mkato uleule wenye seti moja au mbili za nyufa zilizoachana mita 2 hauwezi, kwa sababu kanuni inadhani nguvu ni sawa pande zote, na mwamba wako una upande mmoja dhaifu kupita kiasi. Hapo rudi kwenye kamba na dira.

Onyo jingine kuhusu asilimia ya vipande virefu (vya sentimita 10 na zaidi) kwenye nguzo za mwamba zinazotolewa na mashine ya kuchimbia. Umechimba mita 1.5, ukapata vipande vya sentimita 32, 21, 14 na 11, vingine vyote chini ya 10. Jumla 78 kati ya 150, asilimia 52, mwamba wa wastani. Sawa, lakini mivunjiko mipya iliyofanywa na mashine, yenye nyuso safi na kali, iunganishe kabla ya kuhesabu. Na shimo la wima lililopita katikati ya nyufa za wima litakupa asilimia 90 kwenye mwamba uliochanikachanika.

RwenzoriChini

Hamjagusa tetemeko. Sisi wa Toro tunakumbuka Machi 1966 na Februari 1994.

MaabaraMbale

Kweli kabisa, mzee. Njia rahisi ni kuongeza nguvu ya mlalo kama sehemu ya uzito. Chukua mteremko wangu wa juu ukiwa mkavu, weka sehemu moja ya kumi. Msukumo unapanda kutoka 15.6 hadi 18.3, mbano unashuka hadi 25.4, uwiano unatoka 1.24 hadi 1.01. Kwa hiyo mteremko uliokuwa na nafasi wakati wa kiangazi unabaki ukining'inia, na wakati wa mvua haupo. Baada ya tetemeko kagua nyufa mpya za ukingo wa juu hata kama hakuna kilichoshuka, kwa sababu msimu unaofuata maji yatapitia humo.

MwambaTororo

Na nyufa hizo zikionekana juu ya nyumba za watu, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) asiye na vifaa afanye nini?

DiraNaKamba

Vigingi viwili vya mti mgumu, kimoja kila upande wa ufa, mita 1 hadi 2 kutoka ukingoni mwa ufa, vizamishwe sentimita 60. Gonga msumari juu ya kila kimoja, kichwa kimoja kiwekwe alama ya msalaba. Pima kwa tepu ya chuma ile ile, mtu yule yule, asubuhi na jioni, na uandike milimita na saa. Weka jozi tatu kwenye ufa mmoja, ili kigingi kimoja kikigongwa na ng'ombe usipoteze kumbukumbu.

Usiangalie umbali peke yake, angalia mwendo. Gawa 1 kwa milimita za siku. Tuseme leo ni milimita 2 kwa siku (0.5), keshokutwa 2.5 (0.4), siku ya nne 3.3 (0.3), siku ya sita 5 (0.2). Chora nukta hizo, mstari unashuka na kugusa sifuri siku ya kumi. Njia hii hutumika migodini na mabwawani. Lakini kwa kijiji msingoje mstari ukamilike. Mwendo ukiongezeka vipimo vitatu mfululizo, watu wahame usiku huohuo, na wasirudi kwa sababu mvua imekatika: maji yaliyo chini hayajakatika. Dalili nyingine zisizohitaji tepu ni chemchemi inayotoka mahali pasipo kawaida, chemchemi ya zamani inayokauka ghafla au kuwa na matope, milango inayokwama, na mto unaopungua wakati mvua inanyesha. Ya mwisho ni ya kukimbia papo hapo, kwa maana mto umezibwa juu.

Wakati huohuo zuia maji kuingia ufani. Uzibe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, funika kwa karatasi ya plastiki, chimba mfereji juu yake unaopeleka maji pembeni kwenye mwamba au mkondo uliopo. Usichimbe mfereji chini ya ufa, na usiuache bila mteremko. Mfereji unaotuama ni tanki la kumwagilia maporomoko.

BarabaraKigezi

Turudi kwenye mkato wetu wa mita 8, mkuu. Bolti ngapi?

DiraNaKamba

Lengo la uwiano tuliweke 1.3. Tunahitaji upinzani wa 1.3 × 459 = 597 kwa kila mita. Mkato mkavu unao 494, pungufu 103. Bolti ikikandamiza ufa kwa pembe mraba inachangia nguvu yake mara tan 37, hivyo zinahitajika kilonyutoni 137 kwa mita. Chuma cha milimita 25 chenye nguvu ya megapaskali 500 kinaanza kulegea kwenye 245. Tumia asilimia 60, yaani 147. Bolti moja kwa kila mita, basi safu mbili zenye nafasi ya mita 2 zinatosha. Maji yakiachwa nusu ya kimo pungufu ni 155, nguvu inayohitajika ni 206, na bolti zinaongezeka kwa karibu nusu. Ukubali hivyo tu kama huwezi kutoa maji, maana matundu ni nafuu kuliko chuma.

Matundu yenyewe: kipenyo milimita 75, yakipanda kuelekea ndani digrii 3 hadi 5, yavuke ufa na kuingia zaidi yake, ndani mna bomba la PVC lenye vitobo lililovikwa kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa litajaa tope msimu wa kwanza. Toboa baada ya kusoma ramani ya nyufa, si kwa mpangilio wa kupendeza. Tundu lisilokutana na ufa halitoi tone. Bolti nazo zipite ufa na kushika mwamba mzima mita 2 au 3, grauti (uji wa saruji) ijazwe kutoka ndani kuja nje, na moja kati ya kila kumi ivutwe kwa jeki kabla ya kulipa.

UdongoMwekundu

Na ukuta wa mawe wa kushikilia udongo ulio juu ya mwamba huo? Mwingi unaonekana una matundu, bado unapinda.

DiraNaKamba

Ingiza fito kwenye tundu. Ikigonga udongo baada ya unene wa ukuta, hakuna kichujio nyuma. Inatakiwa sentimita 30 za kokoto safi kutoka kitako hadi karibu juu, kitambaa kati ya kokoto na udongo, bomba lenye vitobo kitakoni, na matundu ya milimita 75 kila mita 1.5. Juu kabisa funika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasiingie moja kwa moja kwenye kokoto. Ukuta wa mita 3 uliojaa maji nyuma yake unabeba msukumo wa maji peke yake wa ½ × 9.81 × 3² = kilonyutoni 44 kwa mita, juu ya ule wa udongo. Ukuta ulioanza kupinda usiongezewe zege mbele. Toboa matundu mapya karibu na kitako kwanza, moja moja kutoka pembeni kuelekea katikati, mtu asisimame mbele ya tundu linapofunguka.

UdongoMwekundu

Asante, mkuu. Tundu la kwanza liwe kimo gani kutoka ardhini?

DiraNaKamba

Sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi ya mbele, na mfereji wa zege chini yake, ili maji yatakayotoka yasilowanishe msingi wa ukuta.